Mwaka Majina ya Jarida Yalipoisha

Haya ninayokuandikia hutayaamini, na sikulaumu. Nilimsimulia kinyozi wangu akacheka mpaka akanikwangua sikio. Nilimsimulia mke wangu, ambaye tumevumiliana miaka thelathini na moja, akaniomba nimpulizie anuse mdomo wangu. Basi wewe soma tu, na ukifika mwisho uniite mwongo kwa heshima, kama mtu aliyesoma.

Habari yenyewe ni ya mdogo wangu wa kike, tumbo moja, nimemtangulia kwa miaka minne na kwa sura. Kazi yake ni mapokezi kwa daktari wa meno. Miaka ishirini na mbili yuko nyuma ya kaunta ileile. Kiti kimebadilishwa mara tatu, daktari mara mbili, yeye hajabadilishwa. Ukiingia utamkuta miwani imening'inia kifuani kwa kamba, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, na daftari la miadi limefunguliwa mbele yake. Ukutani nyuma yake kuna picha ya jino kubwa lililopasuliwa katikati kama papai. Chumba chote kinanuka mafuta ya karafuu na dawa ya kusafishia sakafu.

Pale watu huingia wanaumia, wakatoka hawasikii kitu. Ndiyo biashara yenyewe. Wanatoka mdomo umelala upande mmoja, mate yanawachuruzika wenyewe hawana habari, wanataka kusema asante inatoka kitu kingine kabisa. Mdogo wangu anawapa karatasi laini, anawaandikia siku ya kurudi, anawaambia, "Usile mpaka ganzi iishe, utajitafuna ulimi." Nimepiga hesabu, maneno hayo ameyasema mara laki nne. Haya, elfu arobaini.

Sasa mimi nadhani ganzi ile ilimwingia na yeye. Si mkali, si mpole. Ukimwambia umepata mjukuu, "Hongera." Ukimwambia umeibiwa, "Pole." Sauti ni moja, kama mtu anayesoma namba ya risiti. Hakuzaliwa hivyo. Utotoni alikuwa akicheka, majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Ilianza miaka minane iliyopita, siku tuliyomzika mumewe.

Hapo nitapita mbio maana sipapendi. Alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, mpwa wangu, mrefu kama mlingoti, na tangu alipopata akili kamera haikumtoka shingoni. Siku ya mazishi wanaume wenzake wamebeba jeneza, yeye yuko pembeni anapiga picha. Akapiga jeneza, akapiga kaburi, akapiga watu wanavyofuta kamasi. Mwisho akachuchumaa mbele ya mama yake, hatua mbili kutoka usoni, akampiga na yeye. Mama akainuka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Akasema mbele ya watu wote, "Ondoka na hilo likamera lako. Nisikuone tena."

Kijana akashusha kamera, akamtazama, akaondoka. Tukasema amekwenda kupunga upepo, atarudi. Ikawa miaka minane.

Hakupiga simu wala hakupigiwa. Namba akabadilisha. Nikimuuliza mdogo wangu, "Umemsikia mwanao?" ananijibu, "Kaka, leo umekuja kwa jino au kwa maneno?"

Tuje kwenye majarida, maana humo ndimo mambo yalimofichwa.

Daktari wa sasa alimwagiza aweke kitu cha kusoma katika chumba cha kusubiria, wagonjwa wasikae wanasikiliza mashine inavyochimba meno ya wenzao. Akampa kifungu cha pesa cha mwaka mzima, kidogo, na onyo asikizidishe. Mdogo wangu akaingia mtandaoni akawagundua mawakala. Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa mmoja wenu, nitaeleza. Jarida lina bei yake kwa wachapishaji wenyewe. Halafu kuna watu wa katikati, wanakulipisha nusu ya bei hiyo, pengine robo, na unaletewa jarida lilelile mwaka mzima. Si wezi. Wachapishaji wanataka wasomaji wawe wengi ili wenye matangazo walipe vizuri, kwa hiyo wanawaachia mawakala wauze watakavyo. Ila masharti ni mawili. Kwanza uwe na subira, maana ukilipa leo toleo la kwanza litakufikia baada ya wiki nane, hata kumi na mbili. Pili, bei hiyo ni ya mteja mpya tu. Mwaka ukiisha wanakuletea bei ya wanaume.

Mdogo wangu akaona dawa ni moja. Kila mwaka awepo mteja mpya. Jarida la magari likaja kwa jina la daktari, mwaka uliofuata kwa jina la mke wa daktari, kisha la mfagiaji. La mapishi likaja kwa jina la marehemu mama yetu, ambaye jikoni alijulikana zaidi kwa kuunguza. Mwaka mmoja likaja jarida la safari kwa jina langu. Nikamwambia, kama unalitumia jina langu bila kibali, basi angalau lipe heshima yake. Akaandika "Profesa" mbele. Mimi niliishia darasa la saba, na la saba lenyewe mwalimu mkuu alinionea huruma, lakini mwaka mzima posta walikuwa wakiuliza huyu Profesa ni wa masomo gani. Bahasha zote ninazo. Nyingine nimeitia fremu.

Sasa siku moja nimekaa pale nasubiri, jino la nyuma limenivimbisha shavu kama nimeficha yai, tarishi akaleta majarida mapya. Mdogo wangu akafungua la mpira, akaliweka mezani. La mapishi, mezani. La magari, mezani. La safari akalifungua taratibu, akalifungia kwenye droo.

Mimi si mtu wa kupitwa. Wiki iliyofuata nilirudi kutolewa nyuzi, nikalikuta la safari liko mezani na wenzake, halijaguswa na mtu, maana wagonjwa wanagombania la mpira. Mwezi uliofuata nikaenda tena, sina hata jino linaloniuma, nikakaa. La safari likaja, likaingia kwenye droo. Alipoinuka kumpeleka mgonjwa ndani, nikaizunguka kaunta.

Droo haikuwa imefungwa. Jarida lilikuwa na karatasi laini katikati kama alama. Nikafungua. Picha ya watu wanachota chumvi kwenye ziwa lililokauka, nyeupe mpaka macho yanauma. Pembeni ya picha, kwa herufi ndogo kama sisimizi waliolala ubavu, kulikuwa na jina. Nilivaa miwani yake, siku hiyo aliiacha juu ya kaunta, ndipo nikalisoma. Jina la mpwa wangu.

Chini ya jarida kulikuwa na daftari la miadi la mwaka uliopita. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejazwa kwa kalamu nyekundu. Mwezi, kisha mahali. Machi, mlimani kwenye barafu. Aprili, soko la samaki. Mei, hamna picha yake. Juni, hamna. Julai, ziwa la chumvi. Kurasa na kurasa. Hakuna neno jingine lolote.

"Funga droo," akasema nyuma yangu. "Vidole vyako vina mafuta."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili wa kuondoka kwake. Lilifunguka lenyewe hapo mezani."

"Na hukuniambia mimi, mjomba mtu?"

"Wewe ukiambiwa jambo asubuhi, mchana linajulikana mpaka kwa wauza magodoro."

Sikubisha. "Sasa kwa nini usiwaandikie wachapishaji wakupe namba yake?"

Akavua miwani yake usoni mwangu, akaifuta. "Niwaambie mimi ni nani?" Kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Ukawa ndio utaratibu wake. Jarida lile haliuzwi madukani, linakwenda kwa posta tu, kwa wale waliolipia. Kwa hiyo habari zote za mwanawe, kama yu mzima, yuko wapi, ameona nini, zilipita kwa wakala, kwa nusu bei, zikaja kwa jina la mfagiaji au la Profesa.

Mwaka huu sasa. Muda wa jarida ulikuwa unaisha, na toleo la mwisho lilikuwa na picha ya mafuriko. Mji mzima umefunikwa na maji mpaka kwenye madirisha, watu wamekaa juu ya mabati. Nikamwambia mdogo wangu, kwa utani wangu wa kijinga, huyu aliyepiga naye alikuwa amesimama wapi? Akaandika kwa nyekundu, "mafuriko." Akafungua kompyuta alipie mwaka mwingine.

Wakala akakataa. Kila jina alilojaribu, kioo kinamwambia, mtu huyu tayari ni mteja wetu.

"Jaribu la daktari wa zamani," nikasema.

"Nililitumia."

"La mke wangu."

"Mara mbili, moja nilikosea herufi makusudi."

"La paka wako basi."

"Paka ndiye aliyepokea la mapishi mwaka juzi."

Majina yalikuwa yameisha. Ungedhani atalipa bei kamili kama binadamu wengine, lakini kifungu cha daktari kilikuwa kimekwisha, na yeye kanuni zake hazivunji. Alikaa mikono juu ya vibonye. Kisha akaandika jina la mwanawe. Yote matatu, na la baba yake mwishoni. Kioo kikampokea bila neno, karibu sana mteja mpya.

"Hilo?" nikamuuliza.

"Ndilo lililobaki."

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo wakala hakulijua wala sisi hatukulifikiria.

Wiki nane zikapita, hakuna kitu. Kumi na mbili, hakuna. Kumi na sita. La mpira linakuja, la magari linakuja. Mdogo wangu usoni ni yuleyule, pole, hongera, usile mpaka ganzi iishe. Ila siku moja mgonjwa alirudi analalamika, ameandikiwa miadi ya Jumapili, amekuja amekuta kufuli. Miaka ishirini na mbili, kosa la kwanza. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, na unajua mimi nacheka hata msibani.

Akampigia wakala. "Mama, sisi jina tulishalipeleka. Waulize wachapishaji." Akawapigia wachapishaji. "Mama, ulilipa kwa wakala. Muulize wakala." Wakampiga danadana hivyo wiki mbili. Picha ya mwisho ni ya mafuriko, na baada yake ni kimya.

Nikasema, nipe hiyo simu. Nikajivuta, nikasafisha koo, nikawaambia, "Hapa anaongea Profesa." Wakanipigia muziki. Nusu saa ya zeze, shavu langu limebandikwa kwenye simu, nikaona bora niweke spika juu ya kaunta. Hatimaye akaja msichana, sauti changa, mstaarabu.

"Profesa, nimeliona tatizo lenu," akasema. "Jina hili limetoka kwa wakala, lakini kwetu hapa ni la mpigapicha wetu. Wapigapicha wetu hawalipii, wanapata nakala ya bure. Nadhani mwenzangu aliona jina mara mbili, akafikiri ni yeye amehama, akaziunganisha. Kwa hiyo nakala yenu inakwenda kwake pamoja na ya kwake. Anapata mbili."

Mdogo wangu alikuwa anaandikia mtu risiti. Kalamu ikasimama.

"Na pia tulimwandikia," msichana akaendelea, "kumuuliza kama hii anwani ya kwa daktari wa meno ndiyo yake mpya."

Mdogo wangu akainamia simu. "Akajibu nini?"

"Hajajibu, mama. Ila vifurushi anavipokea. Cha mwezi uliopita amekisaini."

"Tarehe ngapi?"

"Ngoja niangalie. Tarehe tisa."

Mafuriko yalikuwa kabla ya hapo, mbali. Mdogo wangu akachukua kalamu nyekundu, akafungua nyuma ya daftari, akaandika, "tarehe tisa, amesaini." Mwandiko wake ni mzuri siku zote. Siku ile ulikwenda mlima na bonde.

"Nirekebishe sasa hivi, mama?" msichana akauliza. "Nafuta jina hili naweka la kwako, toleo lijalo linakuja hapo. Naye namwandikia kwamba anwani ile ilikuwa makosa tu, asijali."

Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka ameshika shavu. Mdogo wangu akampa karatasi laini bila kumtazama.

"Usimwandikie hivyo," akasema. "Acha kama ilivyo."

"Lakini mama, hutapata jarida. Na pesa umelipa."

"Najua, mwanangu. Asante."

Akakata. Mimi nikapandisha. Nikamwambia, umerogwa? Nusu saa ya zeze nimeivumilia mimi, mlango umefunguliwa, unaufunga mwenyewe? Sasa utajuaje alipo? Ukae hivi, huna hata zile herufi za sisimizi?

"Akiambiwa ni makosa," akasema, "ataamini ni makosa."

"Na asipofanya lolote?"

"Nitakuwa nimejua tarehe tisa alikuwa mzima." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Usile mpaka ganzi iishe."

Mwezi ukaisha. La mpira likaja, la magari likaja. Nilikuwa nikipita kila Ijumaa, nikisingizia fizi. Hatukulizungumza. Aliacha nafasi wazi mezani, kati ya mapishi na magari, upana wa jarida moja, na mfagiaji alipoijaza kwa vitabu vya watoto akaviondoa. Hilo ndilo pekee nililoliona. Mwezi wa pili hivyohivyo. Mimi mwenyewe nilianza kulala vibaya, na mimi kwa kulala nina kipaji.

Ikaja Jumanne moja, tarishi akaleta bahasha ya kaki. Haikuwa ule mfuko wa nailoni wa wachapishaji wala haikuwa na lebo ya mashine. Imeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama mwenyewe. Juu neno moja, "Mama." Chini yake anwani ya zahanati.

Haya naandika hapahapa kwenye kaunta yake, kwenye mgongo wa fomu, yeye ameingia ndani kumpelekea daktari kadi. Kwa hiyo nitakueleza vizuri bila kubughudhiwa. Alipasua bahasha. Ndani, jarida la safari. Na katikati ya jarida, ndugu msomaji, kulikuwa na barua ya kurasa kumi na mbili, mbele na nyuma, imelowa machozi mpaka wino umetapakaa, na mdogo wangu alipofika ukurasa wa tatu akapiga magoti palepale kwenye vigae, akalia kilio ambacho daktari aliliacha jino nusu nje nusu ndani, wagonjwa wote wakasimama, hata wale wa ganzi wakalia kwa upande mmoja, nami nikamshika mabega nikamwambia, dada, futa machozi, kaka yako yupo, leo hiihii napanda ndege naenda kum

"Nani kapiga magoti?"

"Aa, umesharudi? Ni namna ya kuandika tu, mdogo wangu. Inanogesha."

"Na ndege umepanda na nani? Wewe siku hiyo hukuwepo hata hapa, ulikuwa nyumbani na shavu lako. Hakukuwa na barua, Kaka. Kulikuwa na namba ya simu, kwa penseli, pembeni ya picha. Nilipiga saa saba, muda wa chakula, haikupokelewa. Saa tisa akapiga yeye. Nilikuwa na mtu mbele yangu anataka risiti, huyo nikamwambia asubiri kidogo. Akasubiri. Tuliongea dakika kumi na moja, nilikuwa naitazama saa. Haya, nipishe, na hiyo fomu unayoandikia ni ya mgonjwa."